Mwale Uliopasuka

Asubuhi hiyo kituo kizima kilikuwa kimeshamhukumu Spana, isipokuwa Inspekta. Jalada lilikuwa mezani kwa Mkuu wa Kituo, limefungwa uzi mweupe tayari kwa safari ya mahakamani. Mchana huo huo kijana angepandishwa kizimbani kwa kosa la kujaribu kumuua shangazi yake.

"Nipe mpaka adhuhuri, Afande," Inspekta alisema.

"Ya nini?" Mkuu hakuinua hata macho. "Amekutwa amepiga magoti kando ya mama wa watu, shati limelowa damu. Alama za vidole vyake zimejaa kile chumba cha juu. Sanduku la vioo vya kamera tumelitoa kwenye gari lake. Unataka aje akuimbie?"

"Kamera yenyewe hatujaipata. Wala diski ya kuhifadhia picha."

"Ameuza."

"Kwa nani? Yule muuza vitu vya mitumba aliyesema ameletewa kamera, tumeiona. Ni ya kupigia picha za harusi, na mwenyewe amejitokeza na risiti."

Mkuu alishusha pumzi kama mtu anayeteremsha gunia. "Adhuhuri. Na uniletee kitu ninachoweza kukishika mkononi, sio hisia."

Nje, Koplo alikuwa ameegemea gari. Alikuwa kijana mrefu mwenye maneno mengi kuliko cheo chake.

"Tumepewa?"

"Tumepewa. Twende duka la dawa."

Duka lilikuwa chini ya jengo la ghorofa tatu, mali ya mfamasia ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Dawa. Alikuwa mjane wa miaka sitini na ushee. Mchana aliuza dawa, na giza likiingia alipanda juu ya paa, kwenye kijichumba cha mabati alichojijengea, akasukuma paa lake kando na kupiga picha vitu vya mbali kabisa angani: galaksi, mawingu ya gesi, mambo ambayo macho matupu hayayaoni hata ukiyakodoa vipi. Kazi hiyo haikumpa hata senti, na aliifanya kwa bidii kuliko ile iliyomlisha.

Wiki tatu nyuma, wakati wa magharibi, alikutwa chini ya ngazi ya nje kichwa kimepasuka. Alinusurika, ila bado alikuwa amelazwa hospitali. Lakini kipigo kile kilikuwa kimefuta kumbukumbu za miezi kadhaa, na daktari alipiga marufuku polisi kumsogelea na maswali.

Binti yake wa pekee, mwalimu wa hesabu, alikuwa nyuma ya kaunta akikunja bango ili alitie kwenye pipa la taka.

"Shikamoo, Inspekta. Mmeshamfunga ndugu yangu, au mmekuja kunifunga na mimi?"

"Marahaba, Mwalimu. Sijamfunga mtu. Hilo bango la nini?"

"Maonyesho ya Klabu ya Anga, yanafunguliwa leo. Mwenyekiti kalileta mwenyewe jana, na matunda ya mgonjwa juu yake. Eti ameshinda tuzo. Amegundua wingu la gesi lisilokuwepo kwenye ramani yoyote ya anga." Alilikunja bango mara nyingine tena. "Mama yangu amelala na bandeji kichwani, wenzake wanakata keki."

"Nilione."

Mwalimu alilikunjua juu ya kaunta. Katikati ya weusi lilining'inia wingu la buluu na kijani lenye umbo la upinde na wekundu kidogo pembeni, limezungukwa na nyota. Inspekta hakujua chochote kuhusu mawingu ya angani, kwa hiyo aliangalia asichohitaji kukijua, yaani nyota zenyewe. Kisha aliinua macho kwenye kuta za duka, ambako Mama Dawa alitundika picha zake mwenyewe kati ya matangazo ya dawa za kikohozi.

"Mwalimu, kwa nini nyota zina miale? Hizi za ukutani zina miale sita sita. Za kwenye bango pia."

"Nyota yenyewe haina mwale. Ni nukta tu." Alijibu bila hamu, kama mtu anayerudia jambo alilolisikia tangu utotoni. "Miale inatengenezwa na darubini. Ya mama ni ya kioo. Mwanga unaingia mdomoni, unagonga kioo kikubwa kule chini, unarudi juu kwenye kioo kidogo. Sasa hicho kidogo kinashikiliwa katikati ya mdomo na vipande vitatu vyembamba vya chuma. Mwanga ukivipita unachanika. Kila kipande kinatoa miale miwili, mmoja huku, mmoja upande wa pili."

"Vitatu mara mbili, sita."

"Umefaulu."

"Na darubini ya Mwenyekiti? Nayo ina vyuma hivyo?"

"Hapana, ya kwake ni ya lenzi. Ile nyeupe, anaibeba kama kichanga. Ndani haina ki..." Mwalimu alivuta bango karibu na uso. "Nyota zake huwa mviringo. Kama shanga. Miaka yote nimeziona ni mviringo."

Koplo alipiga mluzi.

"Subiri, usishangilie," Mwalimu alisema, na sauti yake ikashuka. "Hii si ya mama pia. Tazama vizuri. Miale minne ni mizima, lakini hii miwili inayotazamana imepasuka pacha, kama mkia wa mbayuwayu. Ya mama haijawahi kuwa hivi. Ni sita safi, zihesabu zote humu ndani."

Inspekta alizipitia picha zote ukutani, moja baada ya nyingine. Mwalimu alikuwa amesema kweli. Alirudi kwenye bango, akaiwekea kidole nyota kubwa kuliko zote.

"Tupande juu," alisema.

Kijichumba cha paa kilipakwa rangi nyeusi ndani, na paa lake lilitembea kwenye magurudumu ya geti. Katikati ilisimama darubini, pipa refu la mbao ambalo mtu mzima angeweza kulikumbatia, juu ya mguu mzito wa chuma wenye mota ya kuifanya iifuate nyota polepole. Mwizi hakuigusa. Pembeni kulikuwa na kiti cha kinyozi, kimechakaa, na blanketi lililokunjwa vizuri.

Inspekta alikuwa ameshafika hapo mara kadhaa, na kila mara alitazama sakafu, mlango na ngazi. Hakuwahi kutazama ndani ya darubini. Sasa alipanda juu ya kigoda, akawasha tochi, akachungulia mdomoni.

Vyuma vitatu vilikuwepo. Viwili vilikuwa vimenyooka. Cha tatu kilikuwa kimekatika wakati fulani, na mtu alikuwa amekiunga kwa kubandika ubavuni mwake kipande cha msumeno wa kukatia chuma, meno yamesagwa, kimekaa upande kidogo.

"Mwalimu, hiki kilitengenezwa lini?"

Mwalimu alichungulia, akatikisa kichwa. "Sijui. Mimi huwa siji huku."

"Koplo, piga simu kituoni. Waambie wamtoe Spana mahabusu, wampe simu."

Ilichukua muda na maneno makali kidogo, hatimaye sauti nzito ya kijana ikasikika. Alikuwa mtoto wa kaka yake Mama Dawa, fundi wa mafriji, na aliishi chumba cha nyuma cha jengo hilo hilo.

"Spana, ni Inspekta. Ndani ya darubini ya shangazi yako kuna kipande cha msumeno. Unakijua?"

"Nimekibandika mimi. Chuma kilikatika, shangazi akawa kama amefiwa. Spea ingechukua miezi kufika. Nikamwambia lete nikuungie. Kilikaa upande kidogo, akasema acha hivyo hivyo, usiku ni mzuri, sina muda wa kupoteza."

"Lini hiyo?"

"Mwanzoni mwa kiangazi. Tangu siku hiyo amepiga picha kitu kimoja tu, kila anga ikiwa safi."

"Ndiyo maana vidole vyako vipo mpaka mdomoni mwa darubini. Mbona hukusema?"

"Niliulizwa nimempiga na nini, Afande. Hakuna aliyeniuliza nimetengeneza nini."

Koplo aliangalia viatu vyake. Inspekta aliendelea, sauti ile ile.

"Na sanduku la vioo kwenye gari lako?"

"Vilishika ukungu. Alinituma nivipeleke kusafishwa. Nilisema hilo, mkacheka."

"Siku ile alikuwaje?"

"Alikuwa na furaha mpaka akaniudhi. Anaimba. Alisema ameona kitu ambacho hakipo kwenye ramani. Akasema atamwita Mwenyekiti aje akihakiki, maana yeye ana jicho zuri. Mimi nikatoka kwenda kununua gesi ya friji. Niliporudi ndio nikamkuta pale chini."

Inspekta alikata simu. Wote watatu waligeuka kulitazama lile pipa la mbao. Mwalimu aligusa ukingo wake.

"Kwa hiyo ni picha ya mama."

"Mimi na wewe tunajua hivyo. Mwanasheria wake atasema msumeno ni hadithi ya mshtakiwa. Nataka kuiona hii darubini ikipasua mwale mbele ya macho yangu. Sasa hivi."

"Mchana huu? Nyota utaitoa wapi?"

Hapo mwalimu wa hesabu alijijibu mwenyewe. Alishuka mbio hadi karakana ya Spana, akarudi na gololi ya chuma iliyotoka kwenye beringi mbovu, inayong'aa kama kioo.

"Mama alikuwa akiitumia kurekebisha vioo vyake. Ukiiweka juani, kwa mbali, jua linaakisi juu yake nukta moja tu. Ukiwa huku unaona nyota. Lakini nani ataipeleka kule?" Alionyesha jengo la mbali lenye tangi la maji jeusi juu yake.

"Kila penye ngazi, natumwa mimi," Koplo alisema, akaipokea gololi.

Walimwona baada ya muda akitokeza juu ya lile paa kama sisimizi, akipanda tangi, akiibandika gololi kwa ubani wa kutafuna uliokuwa mdomoni mwake. Mwalimu aligeuza darubini kwa uangalifu mkubwa, akiliacha jua mgongoni. "Ukilielekeza hili jicho kwenye jua hata kwa kupepesa, umepofuka," alimwambia Inspekta. Alizungusha kirungu cha kurekebishia mpaka ukungu wa mwanga ukajikusanya. Kisha aliinama, akatazama, na hakuinuka upesi.

"Njoo uone," alisema kwa sauti ndogo.

Ndani ya duara jeusi iliwaka nyota iliyokuwa gololi. Ilikuwa na miale sita. Minne ilikuwa mizima. Miwili iliyotazamana ilikuwa imepasuka pacha, kama mkia wa mbayuwayu.

Waliipiga kwa simu mpaka mkono wa Mwalimu ukatulia na picha ikatoka safi. Dukani kulikuwa na mashine ya kuchapia. Inspekta aliweka chapa ile juu ya bango, akaviinua dhidi ya mwanga wa mlangoni, akaizungusha taratibu kuifuata nyota kubwa. Ilipofika mahali pake, miale yote ililaliana, mpaka kwenye pengo la zile pacha.

Alimpigia Mkuu wa Kituo. "Afande, naomba hati ya kupekua studio ya Mwenyekiti wa Klabu ya Anga."

"Kwa sababu ya nini?"

"Msumeno."

"Inspekta, hujanywa chai leo?"

"Nikuletee picha uishike mkononi, au niendelee?"

"Endelea," Mkuu alisema hatimaye. "Na ukiniaibisha, utaongoza magari barabarani mpaka ustaafu."

Ukumbi wa maktaba ulikuwa umejaa. Viti vya plastiki, wanafunzi wenye sare, wazazi wanaopunga vipeperushi kufukuza joto. Ukutani palitundikwa picha za wanachama, na katikati, chini ya taa yake peke yake, wingu la buluu na kijani, kubwa kama mlango. Mbele yake ilisimama darubini nyeupe ya lenzi, imepanguswa mpaka inajionyesha. Mwenyekiti alikuwa kando yake, mwanamume nadhifu mwenye miwani myembamba na sauti ya upole. Alikuwa na studio ya picha mjini, na watu walimpenda. Hata Inspekta alimpenda alipokuja kutoa maelezo yake, wiki tatu nyuma.

"Inspekta! Karibu, karibu sana dada yangu. Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri. Hongera kwa tuzo."

"Ni ya klabu nzima."

"Nielimishe basi, mimi mshamba wa mambo haya. Picha kama hii unaipigaje?"

Alikuwa mwalimu mzuri. Watu walisogea kusikiliza. Alieleza kwamba mwanga wa wingu hilo ni hafifu mno, hauwezi kunaswa kwa mara moja. Unaiacha kamera wazi dakika kadhaa, unafunga, unafungua tena, usiku baada ya usiku. Kisha kompyuta inazilaza picha hizo moja juu ya nyingine, mamia, mpaka kile kisichoonekana kinajitokeza.

"Na zote umezipiga peke yako?"

"Peke yangu, uani kwangu."

"Kwa darubini hii?"

Aliipapasa shingo nyeupe. "Hii hii. Sina mke mwingine."

Watu walicheka. Inspekta alicheka nao.

"Siku hizi kompyuta zinaongeza mambo. Hapa hukuongeza kitu? Pambo lolote?"

Mwanamke mwenye mvi fupi, mwanafizikia wa chuo kikuu aliyeongoza majaji, alidakia. "Kanuni zetu zinakataza, Inspekta. Mshindani anathibitisha kabla ya kupokelewa."

"Nimethibitisha na narudia, Profesa," Mwenyekiti alisema. "Kila kilichomo humo kimetoka angani na kupita kwenye lenzi hii."

"Na darubini ya Mama Dawa, hukuwahi kuitumia? Hata kwa kujaribu?"

"Kamwe. Lile paa sijawahi hata kulipanda. Magoti haya na ile ngazi ni maadui."

"Ndivyo ulivyotuambia kituoni pia. Nakumbuka." Inspekta alitoa kioo cha kukuza mfukoni, akamkabidhi mwanafizikia. "Profesa, nisaidie macho. Nyota hii kubwa ina miale mingapi?"

Mwanafizikia aliinama. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuhesabu mpaka sita. Aliponyooka hakumtazama Inspekta. Alitazama darubini nyeupe, kisha akaenda mbele yake na kuchungulia kwenye lenzi, kama mtu anayetafuta paka chini ya kitanda.

"Humu hamna chuma chochote," alisema.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo haiwezi kutoa mwale hata mmoja. Nilikuwa nikilitazama wingu." Uso wake ulikuwa umewiva. "Sote tulikuwa tukilitazama wingu."

Ukumbi uliingia minong'ono. Mwenyekiti alitabasamu, akavua miwani, akaifuta.

"Ah, miale! Hiyo kweli niliongeza kidogo kwa programu. Ni urembo tu, kila mtu anafanya. Nimekosea kutosema. Profesa, kama ni kuninyang'anya tuzo, sawa, nimekubali."

Lilikuwa jibu zuri, na baadhi ya watu walianza kuitikia kwa vichwa. Inspekta alilisubiri litulie. Kisha alikunjua chapa aliyotoka nayo dukani, akaibandika ukutani kando ya nyota kubwa.

"Hii tumeipiga leo asubuhi. Sio nyota, ni gololi ya chuma juu ya tangi la maji, tumeitazama kwa darubini ya Mama Dawa. Miale sita, miwili imepasuka. Imepasuka kwa sababu mwanzoni mwa kiangazi chuma kimoja kilikatika, kikaungwa kwa kipande cha msumeno kilichokaa upande. Picha za ukutani dukani kwake ni za kabla ya hapo, hazina mpasuko huu. Tangu kiungwe, hakuna picha yake iliyotoka nje ya kile chumba." Alimgeukia. "Sasa niambie, programu yako ilijuaje habari za huo msumeno?"

Mwenyekiti alivaa miwani. Mikono yake ilikosa sikio mara ya kwanza.

"Alinipa mwenyewe. Picha zake. Tulikuwa tunashirikiana."

"Dakika mbili zilizopita ulizipiga peke yako, uani kwako."

"Alinitumia. Sikutaka kumtaja, hali yake..."

Simu ya Inspekta iliita. Aliiweka kwenye spika, akaishika juu ili wote wasikie.

"Afande," ilikuwa sauti ya Koplo, inahema, "nipo studio na hati mkononi. Nyuma ya yale mapazia ya kupigia picha za pasipoti kuna kabati. Kamera ipo. Diski ipo. Ina kibandiko cha duka la dawa, nikusomee?"

"Soma."

"'Wingu langu. Usitikise. Weka mbali na watoto.'"

Kicheko kilimtoka mtu mmoja nyuma kabisa, kisha kikafa. Mwalimu, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, alijifunika uso kwa mikono miwili.

Mwenyekiti alikaa kwenye kiti cha plastiki. Alizungumza akiitazama sakafu.

"Miaka ishirini nimetazama juu. Ishirini. Yeye ananiita, anasema njoo unihakikishie, hata hajui alichokipata. Nilitaka kuiazima tu ile diski. Akalishika begi la kamera. Sikumsukuma, Inspekta. Nilivuta, naye akaachia."

"Na alipoanguka?"

Mwenyekiti alivua miwani tena, akaikunja.

"Ulishuka ukampita," Inspekta alisema. "Kwa magoti hayo hayo. Kijana wa watu akaja akamkuta, akapiga magoti kumbeba, ukamwacha alale mahabusu wiki tatu. Jana ukapeleka matunda. Simama."

Alimfunga pingu pale pale chini ya taa. Wakati wakitoka, mwanafizikia alikuwa ameshabandua kibao cha jina kwenye fremu kwa kucha zake, akiuliza kwa sauti nani ana kalamu nene, na jina kamili la yule mfamasia linaandikwaje. Mwalimu alimtajia, herufi kwa herufi. Mtu mmoja alianza kupiga makofi. Wakafuata wanafunzi, wakafuata wazazi, hata wale ambao hawakuelewa chochote kuhusu miale walipiga makofi mpaka ukumbi ukavuma.

Adhuhuri ilikuwa bado haijafika. Inspekta alipiga simu kituoni.

"Afande, kata ule uzi kwenye jalada."

Mkuu alikohoa. "Nimeshaukata. Koplo wako amenipigia kabla yako, anapiga kelele kama mshindi wa bahati nasibu. Kijana yuko hapa ofisini kwangu. Nimemwagizia chai. Na nimemwomba radhi, kama ndilo ulilokuwa unataka kuniuliza."

Alasiri hiyo daktari alilegeza masharti yake. Alisema watu wawili tu. Waliingia watano, pamoja na mwanafizikia, na Koplo akiwa amebeba ile picha kubwa kama mlango, akigonga nayo kila kona ya wodi na kuwaomba radhi wagonjwa.

Mama Dawa alikuwa ameketi, mito mgongoni, bandeji kichwani kama kilemba. Spana alimfikia wa kwanza. Aliweka paji la uso kwenye mkono wa shangazi yake, mabega yakitikisika, naye akampapasa kisogo kama alivyompapasa akiwa mtoto.

"Nilikwambia mtamrudisha," alimwambia binti yake. "Sikumbuki kitu, lakini huyu ninamkumbuka."

Koplo aliisimamisha picha miguuni pa kitanda.

Mwanamke yule aliitazama. Kipigo kilikuwa kimemnyang'anya miezi ile yote, blanketi na kiti cha kinyozi na kila usiku alioungoja. Kwa hiyo alikuwa akiliona kwa mara ya kwanza, kama mtu mwingine yeyote mle ndani. Wingu la buluu na kijani, upinde mwembamba katikati ya weusi. Aliomba miwani. Spana alimvalisha. Wodi nzima ilitulia, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili aliyekuwa akikoroma.

"Ni langu hili?" aliuliza.

"Ni lako," Inspekta alisema. "Tumelihakiki."

"Halipo kwenye ramani?"

"Halipo, mama," alisema mwanafizikia. "Nimepitia zote. Wewe ndiye wa kwanza kuliona."

Machozi yalimtoka, mengi, bila kelele. Alijiachia kulia kwa muda. Kisha alijisogeza mbele, akakunja uso, akanyoosha kidole.

"Rangi amezidisha, mpumbavu yule. Amelipaka kama keki ya harusi. Wingu halina wekundu huo wa pembeni, huo ni uchafu wa kamera. Diski yangu iko wapi? Nitalitengeneza upya."

Mwalimu alicheka huku analia. Mwanafizikia alivuta kiti karibu na kitanda.

"Utalitengeneza. Lakini kuna jambo moja haliwezi kusubiri, magazeti yameshaanza kunipigia. Mgunduzi ndiye anayelipa jina. Utaliitaje?"

Mama Dawa aliwatazama wote mmoja mmoja, akavua miwani, akampa binti yake.

"Kwanza nileteeni maji ninawe uso," alisema. "Kitu kikubwa hivyo hakipewi jina na mtu mwenye tongo machoni."